Kutengeneza Meno na Taya: Ni Tiba au Ni Kubadili Umbo la Mungu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemtia mwanadamu sura akaifanya nzuri. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake, na kila awafuatae kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Katika darsa zetu za baada ya Magharibi alitujia baba mmoja na mas'ala yaliyomnyima usingizi. Binti yake ametimiza miaka 18. Taya lake la chini limetangulia mbele kulipita la juu, hata meno yake ya mbele hayakutani. Hawezi kuuma andazi; kila chakula sharti akichane kwa vidole kwanza, kisha akisage kwa magego. Akisema, herufi nyengine humponyoka. Tangu alipokuwa chuoni wenzake walimpa jina ambalo hatutaliandika hapa. Sasa akizungumza hufunika kinywa kwa ukingo wa mtandio wake, na arusini hakubali kwenda.

Tabibu amesema kuwa meno yaweza kupangwa kwa waya, kisha mfupa wa taya ukakatwa na kurudishwa mahali pake. Mama yake ataka. Bibi yake amekataa kabisa, asema: "Hilo ndilo umbo alilopewa na Mola wake. Mwenye kulikata amemkosoa Mungu." Baba yu katikati ya wawili hao, na suala lake lilikuwa hili: "Nikimpeleka mwanangu, nitakuwa nimemtibu, au nitakuwa nimemtii Shetani?"

Jibu tuliompa twaliandika hapa, kwa kuwa nyumba zenye suala hili si moja.

Kwanza, na tumpe bibi haki yake. Khofu yake haikuzuka bure. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu ametupa khabari ya kiapo cha Iblisi, kwamba atawaamrisha waja wabadilishe alivyoumba Mungu. Na katika Bukhari na Muslim imethubutu kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) hadithi ya laana juu ya wanawake wachanjao ngozi, na wanyoao nyusi, na watiao mwanya katika meno yao kwa ajili ya uzuri, wakabadili umbo la Mungu. Mwenye kuogopa laana ya Mungu si mjinga. Mjinga ni yule asiyeogopa.

Lakini hadithi hii wengi huitaja nusu, na nusu ya hadithi ni kama nusu ya dawa: yaweza kumdhuru aliyeinywa. Hebu tuitazame nzima.

Huko kutia mwanya kulikotajwa kulikuwa ni kuyachonga meno ya mbele kwa tupa mpaka yaachane. Wanazuoni wameeleza kuwa wanawake waliokwisha kuingia utu uzima wakifanya hivyo ili waonekane wangali wasichana, maana mwanya ulikuwa ni pambo la ujana. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo sana. Mwanya umesifiwa katika miji yetu tangu zama za mababu. Basi yalikuwa ni meno mazima, yasiyo na ubaya wala maradhi, yakaharibiwa kwa makusudi ili mtu adanganywe umri wa mwenziwe. Na ndani ya hadithi yenyewe mna neno lililo ufunguo wa mas'ala yote, nalo ni "kwa ajili ya uzuri". Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amelisimamia neno hili, akabainisha kuwa kilichoharimishwa ni kile kifanywacho kwa kutafuta uzuri. Ama mwenye kuhitaji jambo hilo kwa matibabu, au kwa kuondoa aibu iliyo katika jino, hana ubaya juu yake. Na Nawawi ni nguzo ya madhehebu yetu ya Kishafii, wala si mwanachuoni wa jana aliyetaka kuwafurahisha Wazungu.

Pili, na tumtazame Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivyotenda. Abu Daud na Tirmidhi na Nasai wamepokea khabari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab wakati wa ujahili. Akajitilia pua ya fedha, nayo ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha ajitilie pua ya dhahabu. Zingatieni, ndugu zangu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na pua ya dhahabu haivuti pumzi vizuri kuliko tundu tupu. Lakini Mtume hakumwambia, "Subiri, ndiyo kadari yako." Alimpa ruhusa ya kile kilichokatazwa ili uso wake usitirike na adha imwondokee. Kwa hadithi hii mafakihi wa Kishafii wamejuzisha pua ya dhahabu, na jino la dhahabu, na ncha ya kidole ya dhahabu. Ikiwa kutengeneza uso ni kumkosoa Mungu, basi hadithi ya Arfaja tutaiweka wapi?

Na walipokuja mabedui wakamuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawapa khabari kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni ukongwe.

Tulimuuliza yule baba kwa adabu: "Je, mama yako hakutolewa mtoto wa jicho?" Akacheka, akasema: "Alitolewa, na sasa asoma msahafu kwa jicho hilo." Basi jicho lililofanya ukungu ni la Mungu, na taya lililopinda ni la Mungu. Yule aliyeruhusu hili litibiwe ndiye aliyeruhusu lile.

Tatu, yatupasa kuijua kazi yenyewe, kwani kutoa hukumu juu ya kitu kabla ya kukijua ni dhuluma. Watu hudhani haya ni mambo ya juzi yaliyozuliwa Ulaya. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Kurtuba katika Andalusi, aliyekufa karibu mwaka 1013, katika kitabu chake kiitwacho At-Tasrif ameandika juu ya meno yaotayo pasipo mahali pake yakauharibu uso, na vipi yakatwe au yasuguliwe. Na juu ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu. Na juu ya kuliunga taya lililovunjika. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Elimu hii tuliwakopesha. Tukienda kuichukua leo twachukua kilichokuwa chetu.

Baadae wengine wakaiendeleza. Mwaka 1849 tabibu wa Kimarekani, Simon Hullihen, alilikata na kulirekebisha taya la mwanamke kijana ambaye makovu ya moto shingoni yalikuwa yameuvuta uso wake. Edward Angle, naye wa Marekani, mwaka 1899 aliyapanga makosa ya mkutano wa meno katika mafungu, na mafungu hayo yangali yatumika. Na mwaka 1957 Hugo Obwegeser, aliyefanya kazi Zürich katika Uswisi, pamoja na mwalimu wake Trauner, walieleza njia ya kuupasua mfupa wa taya la chini kwa ndani ya kinywa, pasi na kuacha kovu usoni. Juu ya njia hiyo ndiyo imejengwa kazi ya leo.

Kazi yenyewe huwa hivi. Waya hukaa menoni muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja na nusu au miwili, na pengine zaidi, zikiyasogeza meno pole pole; kwani mfupa uliosukumwa kwa upole hujiyeyusha upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Huo nao ni muujiza wa uumbaji. Daktari hafanyi ila kuufuata. Ikiwa kosa ni la mataya yenyewe, waya peke yake hazitoshi. Hungojewa mtu akome kukua, kisha hulazwa usingizi, taya likakatwa, likawekwa mahali pake na kushikwa kwa vibati vidogo na skrubu za titani. Mfupa huchukua kiasi cha wiki sita hadi nane kuunga, na mgonjwa hula vya majimaji na vyororo muda huo.

Tena kuna khatari, na mwenye kuzificha amekhini amana. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa uleule ukatwao. Kwa hivyo ganzi ya mdomo na kidevu hutokea kwa wengi, na kwa baadhi yao haiondoki yote. Pengine hutokea usaha. Pengine taya au meno hutaka kurudi yalikotoka, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa kishikizo cha kuvaa baada ya waya kutolewa. Na asiyesafisha kinywa wakati wa waya meno yake huoza.

Sasa tukiyakusanya haya, twaona watu wako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mwenye madhara ya mwili: hawezi kutafuna, au kusema, au kuvuta pumzi akilala, au taya lilivunjika katika ajali, au amezaliwa na mdomo wa sungura. Huyu ni mgonjwa. Kumtibu ni jambo jema, na pengine huwa wajibu juu ya mzazi mwenye uwezo.

Fungu la pili ni mwenye kula na kusema sawasawa, lakini uso wake una kasoro iliyotoka katika ada ya watu, kila amwonae huishangaa, naye yamuumiza moyo. Huyu hatafuti kuzidi wenziwe. Atafuta kufanana nao. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Putrajaya katika Malaysia mwezi wa Julai 2007, ilijuzisha kurekebisha aibu za kuzaliwa kama mdomo wa sungura, na pua iliyopinda sana, na vidole na meno ya ziada, ikiwa kuwapo kwake kwaleta madhara makubwa ya mwili au ya nafsi. Natija hiyo yaafikiana na kanuni kuu ya fiqhi, kwamba madhara huondolewa.

Fungu la tatu ni mwenye uso mzima na meno mazima, ila ameona picha katika simu, akaichukia sura yake. Leo ataka taya la pembe kama la mtu fulani wa sinema, kesho ataka kidevu chembamba, kesho kutwa ataka kurudishiwa kile cha kwanza. Huyu ndiye aliye karibu na laana ya hadithi. Kwake yeye twasema: jiepushe. Utavunjwa mfupa wa Mungu ulio mzima, utajitia katika khatari ya ganzi ya milele, utamaliza mali ambayo utaulizwa ulivyoitumia, na ugonjwa wako hautapona. Kwa sababu ugonjwa wako haukuwa katika taya, ulikuwa katika kutoridhika.

Huenda mtu akasema: "Je, Mungu si mzuri na apenda uzuri, kama ilivyo katika Sahihi Muslim?" Naam, na hatukatazi uzuri. Mswaki ni sunna, kuchana nywele ni sunna, nguo safi ni sunna. Wala hatukanushi kuwa meno na mataya yakipangwa uso hupendeza zaidi. Waya peke yake hubadili tabasamu, na midomo kwa kiasi. Taya likirekebishwa hubadilika umbo lote la uso litazamwapo kwa upande, na watu huliona. Lakini uzuri wa namna hii una mipaka miwili ambayo kijana hambiwi na picha za simu.

Mpaka wa kwanza ni kwamba uzuri huu ni ada za watu, na ada hugeuka. Mwanya ambao mama zetu waliuonea fakhari, leo matabibu wa nchi nyengine hulipwa kuuziba. Na wazee wa zamani walimwogopa kigego, mtoto aotaye meno ya juu kwanza, wakamdhania mkosi, na asiye na khatia akadhulumiwa kwa jino lake. Leo twajua kuwa huo ulikuwa ujinga mtupu. Mwenye kuukata mwili wake kwa kufuata ada ya mwaka huu, atafanya nini ada ikigeuka?

Mpaka wa pili ni kwamba uso ulionyooka haunyooshi roho. Muslim amepokea kwa Abu Hureira kuwa Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo zetu na amali zetu. Na huyo huyo Ibn Mas'ud aliyeipokea hadithi ya meno, siku moja alipanda mti wa mswaki, upepo ukafunua miguu yake myembamba, Sahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa katika mizani miguu hiyo ni mizito kuliko jabali la Uhud. Na Zahir, bedui asiyekuwa na sura ya kupendeza, alipojiona kuwa ni bidhaa isiyo na mnunuzi, Mtume aliyekuwa amemkumbatia sokoni alimwambia kuwa mbele ya Mungu yeye ana thamani. Hakumwambia kuwa ni mzuri wa sura. Alimwambia lililo kweli na lililo kubwa zaidi.

Na hapa, ndugu zangu, maneno yatoke kwa binti yatugeukie sisi. Ni nani aliyempa binti yule jina lile? Si Wazungu, wala si Shetani peke yake. Ni watoto wetu, chuoni mwetu, mbele ya msahafu, na walimu wakasikia wakanyamaza. Katika Suratul-Hujurat tumekatazwa kuchekana na kuitana majina mabaya, na aya yenyewe yatutahadharisha kuwa huenda achekwae akawa bora kuliko amchekae. Twaisoma kwa tajwidi, kisha tukitoka mlangoni twaitana "Kibogoyo" na "Mdomo". Mwenye kumcheka mtu kwa umbo lake ndiye amkosoae Mungu hasa, kwani amelicheka alilolifanya Mungu. Lau bibi angeikemea midomo hiyo kama alivyoikemea tiba, mjukuu wake angalizificha machozi machache.

Nne, kwa mwenye kwenda kutibiwa twausia haya. Asahihishe nia, kwani mambo yote huhukumiwa kwa makusudio yake. Aende kwa tabibu aliyesomea kazi hiyo khasa, wala asiridhike na mmoja, aulize wawili. Aulize manufaa na khatari, na kama iko njia iliyo nyepesi zaidi. Ikiwa mfupa utaongezwa, aulize watoka wapi, kwani baadhi ya mifupa itengenezwayo viwandani hutokana na ng'ombe na mengine nguruwe, na mara nyingi mfupa wa mgonjwa mwenyewe hutosha. Waya hazibatilishi udhu wala josho. Kusukutua ni sunna katika madhehebu yetu, nayo maji hupita. Akiwa mgonjwa mwezi wa Ramadhani atafungua na kulipa. Na wazazi wasingoje mtoto akue: mtoto anyonyae kidole miaka mingi huyasukuma meno yake, na jino la utoto likioza likang'olewa mapema, la ukubwani huweza kupotea njia. Kisomo na dua vina baraka zake, bali hirizi haikupata kulirudisha taya nyuma. Marhumu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitufunza kuchukua kwa wengine elimu yenye manufaa na kuwaachia maovu yao. Mas'ala haya ndiyo mfano wake: tuchukue tiba, tuache kiburi cha sura.

Na wenye mali tusisahau. Matibabu haya ni ghali, na wengi wenye haja nayo hawana. Twajenga minara mirefu na twafanya maarusi ya siku tatu. Mwenye kumfungulia ndugu yake kinywa kilichofungika, kila tonge na kila aya atakayoisoma vyema yatarajiwa iwe na fungu lake.

Baada ya kumweleza yule baba yote haya, tulimuuliza neno la mwisho: "Mama ataka, bibi akataa, nawe wauliza. Binti mwenyewe asemaje?" Alinyamaza, kisha akasema kuwa hakuna aliyemuuliza. Tukamwambia: "Basi hilo ndilo sharti lililobaki. Ridhaa ya mgonjwa mzima mwenye akili ni katika masharti ya kujuzu. Mweleze khatari zote, kisha umsikilize."

Alirudi wiki ya pili. Binti hakutaja uzuri, wala arusi, wala posa. Amesema ataka kula sinia moja na wenziwe, na kuisoma Fatiha kwa makharija yake yaliyo sawa. Na juu ya ganzi amesema: "Hiyo nitaistahamili." Bibi aliposikia neno la Fatiha alinyamaza kwa muda, kisha akauliza safari ni lini, ili naye afunge mzigo.

Ewe Mola wetu, umeyafanya mazuri maumbo yetu, basi zifanye nzuri na tabia zetu. Waponye wagonjwa wetu, zitakase nia zetu, zizuie ndimi zetu na kuwacheka waja wako, na utujaalie kukushukuru katika afya na katika mtihani. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.